Salamu Hutangulia Mizani

Katika masoko ya wilaya yetu ya Ileje biashara nyingine huharibika kabla bei haijatajwa. Mnunuzi amekuja na fedha zake, mkulima ana maharage ghalani, gari linangoja barabarani, na hata hivyo watu hao wawili huachana bila kuuziana kitu. Ukimwuliza mnunuzi sababu atakujibu kwamba watu wa milimani ni wagumu. Ukimwuliza mkulima atakuambia kwa upole kwamba bwana yule alifika akashika magunia kabla ya kumwamkia mtu. Jambo lenyewe laonekana dogo, na kwa kuwa laonekana dogo haliandikiwi taarifa wala halijadiliwi katika vikao. Lakini hasara yake ni ya gunia kwa gunia na msimu kwa msimu, nayo huwaangukia wote wawili.

Kwa hiyo leo safu hii yapenda kuzungumza na makundi mawili ya wasomaji wake. Kundi la kwanza ni ndugu zetu wa visiwani, Unguja na Pemba, wanaofika nyanda hizi kutafuta nafaka na mazao mengine ya shamba, pamoja na wale wanaowapokea watu wetu huko kwao. Kundi la pili ni watumishi wa Serikali waliopangiwa kazi huku, ambao wengi wao hawakuzaliwa katika milima hii. Wote hao huingia katika nyumba ya mtu mwingine, na kila nyumba ina mlango wake. Anayeingia kwa dirisha asistaajabu akipokewa kama mwizi.

Itumba na majirani zake

Itumba ni makao makuu ya Wilaya ya Ileje, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ukitoka hapa safari ni fupi hadi Isongole, na ukivuka mpaka wa Isongole unaingia Chitipa, nchi ya Malawi. Upande wa magharibi iko Tunduma, mji uliogusana na Nakonde ya Zambia, mahali ambapo reli ya Uhuru yenye urefu wa kilomita 1,860 na barabara kuu ya kwenda kusini zote mbili hupita. Katika wilaya yetu wanaishi Wandali, Wamalila, Wanyiha, Walambya na wengineo, na baadhi ya makabila hayo yana ndugu zao ng'ambo ya mpaka wenye lugha ile ile na mababu wale wale. Mpaka ulichorwa juu ya watu waliokwisha kuwapo.

Msomaji wa visiwani yampasa ajue kwamba mpaka huo na historia ya nchi yake vimo katika karatasi moja. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya Julai 1890, ambayo kwayo Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Waingereza, ndiyo pia yaliyoutaja Mto Songwe kuwa mstari wa kuzitenga himaya za wakoloni hao. Mzanzibari hakuulizwa, na Mndali hakuulizwa. Waliotia sahihi hawakuwaamkia wenyeji wa Unguja wala wa Ileje. Twaweza kusema basi kwamba watu wa pande hizi mbili walidharauliwa siku moja, kwa kalamu moja, na yafaa leo wasidharauliane wenyewe kwa wenyewe.

Namna mbili za kuonyesha heshima

Mtu wa pwani anaposikia neno adabu, masikio yake hutafuta maneno maalumu. Mdogo husema shikamoo, neno ambalo asili yake husemwa kuwa ni kushika miguu ya mkubwa, na mkubwa huitika marahaba. Waislamu huanza kwa salamu ya amani na kujibiwa kwa amani. Watoto wa Unguja wana chei chei yao. Anayefika nyumbani kwa mtu hupiga hodi, akangoja karibu, na asipojibiwa mara tatu hurudi alikotoka. Kisha huja habari za nyumbani, za watoto, za safari na za afya, moja baada ya nyingine, bila pupa. Aliyelelewa hivyo huona kwamba amekamilisha heshima yote pale alipoitamka shikamoo.

Huku kwetu heshima imejengwa kwa njia nyingine. Imetiwa ndani ya kitenzi chenyewe. Mnyakyusa humwambia rika lake au mtoto ugonile, yaani umelala salama. Lakini mzee mmoja, peke yake, ataambiwa mugonile, kana kwamba ni watu wengi. Mnyiha husema mwagona kwa maana hiyo hiyo, na majirani zao wengi hutumia mzizi huo huo wa kulala, kila watu kwa lafudhi yao. Mkubwa hahesabiwi kuwa mtu mmoja. Nyuma yake wamesimama watoto, wakwe, wajukuu na marehemu wake, na anayemsalimu anawasalimu wote. Swali lenyewe ni la usiku uliopita: je, mmelala, mmeamka, hakuna aliyeugua, hakuna msiba? Katika nchi ya baridi na ukungu, swali hilo lina uzito wake.

Sasa tazama jinsi adabu mbili nzuri zinavyoweza kuzaa chuki moja. Mnunuzi wa pwani humwambia mzee wa Kindali shikamoo, halafu huendelea: wewe una magunia mangapi, wewe unataka bei gani? Kwa Kiswahili sanifu hakukosea lolote. Lakini mzee ambaye katika lugha yake neno wewe huambiwa mtoto na mtani, husikia kwamba heshima ilitolewa mwanzoni, kisha ikanyang'anywa. Kwa upande mwingine, kijana wa Ileje akifika Unguja akamwambia mzee wa Kizanzibari mnasemaje, au akapiga magoti kidogo bila kuitamka shikamoo, huenda mzee akaona kwamba kijana huyu hakufunzwa kwao. Mmoja huitazama kauli ya kwanza tu, na mwingine huisikiliza kila sentensi hadi mwisho. Dawa yake si ngumu. Mgeni wa huku akisema ninyi baba, mmeamkaje, mna mzigo kiasi gani, Kiswahili chake kitasikika kigeni kidogo kwa watu wa pwani lakini kitaeleweka vizuri mno na mwenyeji. Na kijana wetu akienda visiwani, aanze na shikamoo, aitamke wazi, angoje jibu.

Viungo vya mwili navyo vina lugha. Katika nyanda hizi na ng'ambo ya mpaka mtu hupokea au kutoa kitu kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeushika ule wa kulia. Wapo wanaopiga makofi ya polepole kwa viganja vilivyokunjwa wanapomsalimu mkubwa, na wanawake wengi huinama au kupiga goti. Mgeni asicheke, asimwinue mama wa watu kwa kumvuta mkono, wala asidhani kwamba kila anayeinama amejiona duni. Amefanya sehemu yake, na sasa anatazama kama mgeni ataifanya ya kwake.

Ng'ambo ya mpaka

Anayefanya biashara Itumba hawezi kuepuka kufanya biashara na Chitipa au Nakonde. Hivyo yampasa ajue pia mlango wa nyumba hizo. Nchini Malawi salamu ya Kichewa ni muli bwanji, na kwa Kitumbuka cha kaskazini ni muli uli. Zote zimewekwa katika hali ya wingi kwa ajili ya heshima, kama ilivyo kwetu. Jina la mtu mzima halitajwi likiwa tupu. Mtu mwenye jina la Banda ataitwa a Banda, na kitenzi kitakachomfuata kitakuwa cha wengi. Anayefika nyumbani kwa mtu hupiga odi, neno ambalo mtu wa Unguja atalitambua mara moja kwa kuwa ni hodi yake iliyopungua herufi moja. Shukrani ni zikomo kwa Kichewa na yewo kwa Kitumbuka. Upande wa Zambia, mwenye Kibemba husema mwapoleni, na huongeza neno mukwai kila anapotaka kuonyesha adabu. Jina la mtu hutanguliwa na ba, nayo pia ni alama ya wingi.

Kwa hiyo msomaji ataona kwamba kutoka milima ya Ileje hadi kusini kabisa mwa Songwe kanuni ni moja: mkubwa ni wengi. Sisi tunaotumia Kiswahili sanifu ndio tulio tofauti katika eneo hili. Hili halina aibu ndani yake, ila linatupa wajibu. Agosti 2019 nchi za Kusini mwa Afrika zilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nne ya Jumuiya yao ya SADC. Lugha yetu imekaribishwa katika nyumba za watu. Mgeni aliyekaribishwa hana budi kuangalia wenyeji wanavyokaa kabla ya kuvuta kiti.

Kwa nini mkulima hungoja salamu

Wapo wanaosema kwamba mambo haya yote ni kupoteza muda. Fedha ni fedha, husema, na maharage ni maharage. Hebu tulipime neno hilo kwa mfano.

Tuseme wanunuzi wawili wamefika kijijini siku moja. Wa kwanza anashuka garini, anatia mkono guniani, anazungusha maharage kiganjani na kuuliza bei. Wa pili anapiga hodi, anaketi anapoonyeshwa, anauliza usiku ulikuwaje, mvua zimeacha nini, watoto wako shuleni au wako shamba. Anaambiwa kuna viazi motoni, anakula kidogo, ndipo anapouliza kama katika nyumba hii kuna mazao ya kuuza. Wa kwanza ametumia dakika mbili, na wa pili ametumia saa nzima. Yupi amepata hasara?

Mkulima wa milimani hana mwanasheria. Mara nyingi mkataba wake ni maneno ya mdomo, na mara nyingi mzigo huondoka kabla ya fedha yote kulipwa. Wafanyabiashara wetu wanaita mtindo huo mali kauli: mali huenda, na kauli ndiyo hubaki mkononi mwa mwenye mali. Sasa mtu atakayeachiwa mzigo wa mwaka mzima kwa kauli tu, mkulima atampima kwa kipimo gani? Hajui benki yake, hajui nyumba yake Unguja, hajui kama simu yake itapokewa kesho. Ushahidi wa kwanza na pengine wa pekee alionao ni namna mtu huyo anavyozungumza na watu asiowahitaji: mke wa mwenye nyumba, bibi aliyeketi jikoni, mtoto anayechunga mbuzi. Aliyewapita hao bila neno anaweza kumpita na mkulima siku ya kulipa. Kwa hiyo ile saa moja ya salamu ni uchunguzi, nao ni wa bei nafuu kuliko kesi.

Mnunuzi wa kwanza, kama atauziwa, huuziwa kwa fedha taslimu na kwa bei ya mtu asiyejulikana. Mazao mazuri hubaki ndani. Wa pili hurudi msimu unaofuata na kukuta amewekewa mzigo. Hapo ndipo inapoonekana maana ya msemo wa wazee wetu wa pwani kwamba mgeni aje, mwenyeji apone.

Ipo pia sababu ya kihistoria, nayo ndugu zetu wa pwani yawapasa waisikie bila kinyongo. Watu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa wamewahi kuona wageni wenye salamu tamu. Katika miaka ya 1880 msafara wa wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa chini ya Mlozi bin Kazbadema uliweka makazi karibu na Karonga, miongoni mwa Wangonde. Mwanzoni walikuwa wageni na wanunuzi. Mwaka 1887 Mlozi alijitangaza kuwa Sultani wa Nkonde, na Wangonde wakauawa kwa wingi na kuchomewa vijiji vyao. Vita vilivyofuata kati yake na Waingereza viliisha Desemba 1895 kwa Mlozi kunyongwa, na nchi ikabaki mikononi mwa Waingereza. Mgeni mmoja aliondolewa na mgeni mwingine, na mwenyeji hakurudishiwa chake. Wajukuu wa watu hao wako hapa jirani. Wakimtazama mfanyabiashara mgeni kwa makini kabla ya kumfungulia ghala, tusiwaite wagumu.

Salamu na mizani

Historia hiyo yatufundisha jambo la pili, nalo ni kwamba salamu peke yake haitoshi. Kuna wanunuzi waliojifunza vizuri mno kuinama, kuita wazee baba na mama, kula viazi na kusifu watoto, kisha wakalazimisha magunia yajazwe kwa mtindo wa lumbesa, gunia likiwa na kilemba juu yake. Sheria ya vipimo imekataza mtindo huo, na Wakala wa Vipimo umepewa kazi ya kuuzuia. Pamoja na hayo lumbesa bado huonekana mahali ambapo mkulima yuko peke yake na mnunuzi ana haraka. Mtu aliyemwamkia mzee kwa hali ya wingi halafu akamnyang'anya debe zima kwa kilemba cha gunia amemtukana mara mbili, kwa sababu ametumia adabu yake mwenyewe kumfunga mikono. Katika nyanda hizi mtu huona haya kumbishia mgeni aliyekula kwake. Mnunuzi mjanja hulijua hilo.

Kwa sababu hiyo twasema salamu hutangulia mizani, lakini haichukui nafasi yake. Mkulima amwamkie mgeni kwa ukarimu wote, amlishe, kisha alete mizani. Mnunuzi mwungwana hataona kuwa ametiliwa shaka. Kitabu chake mwenyewe kimeonya vikali dhidi ya wapunjaji wa vipimo, na aliyepita chuoni hana udhuru wa kutolijua hilo. Wakulima nao wakiuza kwa pamoja kupitia vyama vyao vya ushirika, kama wafanyavyo wengi wa wakulima wa kahawa, haya ya mtu mmoja haitatumiwa dhidi yake, maana mizani itakuwa ya wote.

Wajibu wa mtumishi wa Serikali

Sasa tuwageukie watumishi wa umma. Katika hafla zetu msemaji husimama, hutaja wakubwa waliopo kwa vyeo vyao, kisha huongeza kwamba itifaki imezingatiwa. Ni maneno mazuri. Lakini itifaki ya mama aliyetembea tangu alfajiri kutoka milimani kuja kuuliza habari ya hati yake ya shamba, nani ameizingatia? Amefika ofisini, amepiga goti mlangoni kama alivyofunzwa kwao, na aliyeketi mezani hakuinua macho kutoka katika simu yake. Kwa desturi ya mama huyo salamu isiyojibiwa si usahaulifu. Ni kufukuzwa. Atatoka, atarudi nyumbani, na mwaka mzima hatakanyaga tena ofisi hiyo. Baadaye taarifa itaandikwa kwamba mwitikio wa wananchi ni mdogo.

Chama kililiona tatizo hili zamani. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotolewa baada ya uvamizi wa Guinea na mapinduzi ya Uganda, ulikataza kiongozi kuwa na majivuno, anasa, dharau na ukandamizaji. Kilichofuata kinafaa kukumbukwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 wafanyakazi wa viwanda kadhaa waligoma, na miongoni mwa madai yao, pamoja na mishahara, ilikuwa lugha ya matusi na dharau ya mameneja. Watu waliacha mashine zikiwa zimenyamaza kwa sababu ya namna walivyosemeshwa. Anayedhani kwamba salamu ni jambo la kando katika uchumi na ajifunze hapo.

Siku hizo tuliitana Ndugu. Neno hilo lilimweka waziri na mkulima katika jamvi moja, angalau kwa dakika ya kusalimiana. Baadaye neno Mheshimiwa likaenea hata kwa watu ambao kazi yao ni kuwatumikia wengine. Hatusemi vyeo vifutwe, maana hata wazee wetu wa milimani, kama tulivyoona, hupenda heshima iwe na alama yake. Twasema tu kwamba heshima ya milimani huenda pande mbili. Mdogo hutoa kwa wingi, na mkubwa hujibu kwa wingi wa habari: huuliza juu ya mke, mifugo na wagonjwa. Mkubwa anayepokea tu, bila kutoa, huku kwetu hufananishwa na kisima kilichokauka.

Dini nayo haikunyamaza. Katika Sura An-Nisaa waumini wameamrishwa kwamba wakiamkiwa wajibu kwa salamu iliyo bora zaidi, au angalau iliyo sawa na ile. Na Mtume amefundisha kwamba aliyepanda mnyama ndiye amsalimuye aendaye kwa miguu, aendaye amsalimu aliyeketi, na wachache wawasalimu wengi. Mafunzo hayo yana busara kubwa ya utawala. Aliye juu, mwenye kasi na mwenye nguvu, ndiye wa kuanza. Kwa lugha ya leo, aliye ndani ya gari la Serikali, kioo kikiwa kimepandishwa, ndiye mwenye deni la salamu kwa mwenye jembe begani. Watumishi wa dini nyingine watalipata fundisho kama hilo katika mafundisho yao wenyewe.

Mtu wa Ileje anapokwenda visiwani

Ingekuwa si haki kuwafunza wageni peke yao. Watu wetu nao husafiri, na wengine wamefika Darajani na mizigo yao. Hao wasikilize yafuatayo. Usiingie nyumba ya mtu wa Unguja au Pemba kwa kuwa mlango uko wazi. Piga hodi, simama kando, usichungulie ndani. Usimnyoshee mkono mwanamke kabla yeye hajakunyoshea. Mwamkie kwa maneno, weka mkono kifuani, yatosha. Mwite mwanamke wa makamo Bi Fulani, na mwenye elimu ya dini au mwalimu mwite Maalim. Vaa nguo ya kustiri. Ukifika katika mwezi wa Ramadhani usile wala kuvuta sigara hadharani mchana, na usidai kwamba watu wamepoteza bidii ya kazi, maana saa za kazi zimebadilika tu. Muadhini akiita katikati ya mapatano ya bei, ngoja. Bei haitakimbia.

Katika chakula pande zote mbili zahitaji uvumilivu. Mkulima wa huku akimpokea mgeni Mwislamu asikasirike kitoweo kikiulizwa kimechinjwa na nani, wala asione ametukanwa kimpumu au komoni ikikataliwa. Mgeni naye asikunje uso wala asihubiri. Aseme kwamba desturi yake haimruhusu, aombe ndizi, viazi au chai, na ale mbele ya mwenyeji. Kinachomuumiza mwenyeji ni mgeni kuondoka bila kugusa chochote, na kipande cha kiazi hutosha kuliondoa jambo hilo.

Vijana watasema kwamba dunia imebadilika, mambo na poa yatosha kote. Katika vijiwe vya Tunduma ni kweli yatosha, kwa kuwa pale wote ni wageni wa mtu mmoja aitwaye biashara. Lakini mwenye ghala la maharage kijijini si kijana wa kijiweni. Wapo pia wasemao kwamba shikamoo ni mabaki ya utumwa na yafaa iachwe. Hoja hiyo ina historia ndani yake, nasi hatuipuuzi. Hata hivyo maneno hupata maana mpya kwa watu wanaoyatumia. Leo mtoto wa tajiri humwamkia mpagazi mzee kwa shikamoo, naye mzee huitika marahaba. Katika utumwa jambo hilo lisingewezekana.

Mataifa nayo huamkiana

Mwaka 2025 tuliona kwa macho yetu kwamba adabu hii ina nafasi hata baina ya Serikali. Malawi ilikuwa imezuia baadhi ya mazao kutoka Tanzania. Aprili mwaka huo Serikali yetu ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi. Kwa watu wa mipakani amri hizo si habari za redioni tu. Mzigo ulio njiani huoza, na fedha iliyokopwa hungoja riba. Zuio hilo halikudumu; liliondolewa baada ya pande mbili kukubali kuketi na kuzungumza. Hatuhukumu hapa nani alikuwa na haki. Twakumbusha tu kwamba mwisho wake ulikuwa ule ule unaojulikana na kila mzee wa Kilambya: watu waliketi, wakaulizana hali, ndipo shauri likapatikana. Wangeketi kwanza, magunia mangapi yangeokoka?

Tangu Oktoba 2019 kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kimewaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja ili mizigo ikaguliwe bila kuzunguka mara mbili. Huo ni mfano mwema wa majengo na taratibu. Lakini paa moja halitengenezi moyo mmoja kama ofisa wa upande huu hajui kusema mwapoleni na wa upande ule hajui kusema hamjambo.

Kwa hayo yote twapendekeza mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila mtumishi anayehamia wilaya yetu na afundishwe salamu za makabila ya hapa katika wiki yake ya kwanza, na mwalimu wake awe mzee wa kijiji. Pili, viongozi wa masoko wahakikishe kuwa mizani iliyokaguliwa ipo hadharani, ili ukarimu wa mkulima usigeuzwe kuwa mtego wake. Tatu, vyama vya wafanyabiashara wa visiwani viwaeleze wanachama wao desturi za huku kabla ya msimu kuanza, nasi tufanye hivyo kwa vijana wetu waendao huko. Nne, kila ofisi ya umma iwe na kiti kwa ajili ya mwananchi, na mwananchi akaribishwe kuketi kabla hajaulizwa shida yake.

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Barabara ya kutoka Mpemba hadi Isongole imetiwa lami, na gari sasa hufika kwa haraka kuliko zamani. Dereva aliyeokoa muda barabarani anaweza kuutumia mlangoni mwa mwenyeji. Apige hodi, aulize watu wamelalaje, asubiri jibu hadi mwisho. Kisha wote wawili na waende kwenye mizani.